Nukta ya Buluu Haioni Korongo: Mwongozo Kamili wa Kupanda Mlima Bila Kuitegemea Simu Peke Yake

Simu ilisema mita 400. Tulikuwa wanne, saa kumi na moja jioni, tunashuka kutoka kilele cha Bondwa katika milima ya Uluguru, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mwenzetu wa mbele tulimjua kwa sauti tu. Kwenye skrini nukta ya buluu ilikuwa imetulia, na mstari wa njia uko pale, kushoto kidogo. Mita 400. Nani asingekata kushoto?

Tulikata. Baada ya kama dakika ishirini za kushikilia mizizi na kuteleza kwa makalio, tukaanza kusikia maji. Maji yakawa ngurumo. Mara mwenzetu wa mbele akapiga kelele: "Simameni!" Ardhi ilikuwa imeishia kwenye ncha ya kiatu chake. Jiwe alilolisukuma kwa bahati mbaya tulilisikia likigonga mara moja, kimya, kisha likagonga tena mbali sana huko chini.

Njia ilikuwepo kweli, ila ng'ambo ya korongo.

Tulirudi juu tulikotoka, wengine kwa magoti, tukaushika mgongo wa mlima na kuufuata hadi mpaka wa msitu na mashamba. Pale tulimkuta mzee akifunga mzigo wa ndizi. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Mmetokea wapi, wanangu? Huko hakuna njia, huko ni maporomoko." Aliuacha mzigo wake, akatutembeza mwenyewe hadi kwenye njia ya Morningside. Saa mbili usiku ndipo tulipoona taa za mji wa Morogoro. Simu ilikuwa imeshazima zamani.

Jambo lililonikaa moyoni ni hili: simu haikukosea. Nukta ilikuwa mahali pake na njia ilikuwa mahali pake. Kosa lilikuwa letu, tulioiuliza swali moja, "tuko wapi?", tukadhani imejibu la pili, "tupite wapi?" Bado napanda na simu mfukoni kila safari. Lakini kazi yake imebadilika. Mimi ndiye ninayeongoza, yenyewe inathibitisha. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya hivyo, kuanzia mezani nyumbani hadi kwenye saa mbaya kabisa, ukiwa umepotea.

Kwanza, simu inajua nini?

Wengi huamini kwamba bila mtandao hakuna GPS. Si kweli. Simu hupokea mawimbi ya satelaiti zinazozunguka dunia kwenye kimo cha takriban kilomita 20,200, na kazi hiyo haihitaji bando wala mnara. Mnara husaidia jambo moja: kuiambia simu haraka satelaiti ziko wapi. Pasipo mnara, simu lazima ingoje taarifa hizo zishuke kutoka angani, na zinashuka polepole. Ikiwa ilikuwa imezimwa siku nyingi, au umetoka nayo mkoa wa mbali, inaweza kuchukua dakika kadhaa chini ya anga wazi kabla ya kujua ilipo. Ndiyo maana mtu huwasha simu katikati ya msitu, akaona nukta imeganda pale alipokuwa asubuhi, akaiamini.

Mahali pa wazi simu nzuri hukosea kwa mita 5 hivi. Chini ya miti mikubwa, au kando ya genge ambako mawimbi hugonga mwamba kwanza ndipo yakufikie, kosa hukua. Mita 30 mjini ni upande wa pili wa barabara. Mlimani mita 30 zinaweza kuwa bonde jingine kabisa.

Halafu kuna ramani yenyewe. Programu nyingi za wapandaji hutumia ramani ya OpenStreetMap, kazi ya watu wa kujitolea duniani kote, na ninaiheshimu sana. Ila aliyechora njia fulani ya milima ya Aberdare, Kenya, huenda aliitazama kwenye picha ya satelaiti, na picha haioni chini ya majani. Njia nyingine zilikuwa za wakata mbao miaka mingi iliyopita. Leo ni miba mitupu. Nyingine ni za tembo na nyati, nao hukanyaga hadi njia yao ikawa pana na nzuri kuliko ya binadamu, kisha ikakupeleka kwao. Hata zile rekodi za safari za watu unazopakua, mwenyewe aliyerekodi yawezekana alipotea, akazunguka, akarudi, na mzunguko wake wote umo ndani ya mstari unaoufuata.

Usidhani ni tatizo la huku kwetu tu. Julai 2021, mashirika ya Uskoti, John Muir Trust na Mountaineering Scotland, yalitoa onyo kwamba Google Maps ilikuwa ikiwaelekeza watu wanaotaka kupanda Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza wenye mita 1,345, hadi kwenye maegesho ya magari yaliyo karibu zaidi na kilele kwa mstari ulionyooka. Kutoka hapo ramani ilionyesha vinukta vinukta vinavyopanda moja kwa moja hadi juu, mahali ambapo ni mawe na miteremko mikali. Mwaka 2023 huko Kanada, kikosi cha North Shore Rescue karibu na Vancouver kilikwenda kumwokoa mtu aliyefuata njia iliyokuwa kwenye ramani ya simu na isiyokuwepo mlimani. Njia hiyo baadaye ilifutwa. Vinukta vile vya kutoka barabarani hadi kileleni hutokea hata ukitafuta vilele vya kwetu, Lupanga ya Uluguru au Elephant Hill ya Aberdare. Maana yake ni moja tu: programu haijui katikati kuna nini.

Betri nitaitaja kwa kifupi kwa sababu kila mtu anaijua, ila si kila mtu ameiona ikifa kwa baridi. Karibu na Point Lenana kwenye Mlima Kenya, mita 4,985, kabla ya jua kuchomoza, nimeona simu yenye asilimia 40 ikizima ghafla mkononi mwa mwenyewe. Iliwekwa kwapani, ndani ya sweta mbili, na baada ya muda ikawaka tena. Baridi huifanya betri ishindwe kutoa nguvu iliyo nayo. Na mvua ikinyesha kwenye skrini, matone hugeuka vidole: ramani inakimbia huku na huko, na vidole vyako vilivyolowa havisikiki.

Lakini kasoro ninayoiogopa kuliko zote haimo ndani ya simu. Mtu anayetazama skrini hatazami mlima. Mfanyie jaribio mwenzako baada ya saa mbili za kutembea kwa nukta: muulize mto wa mwisho tuliuvuka maji yakitoka kulia au kushoto. Hajui. Muulize tulipanda mara ngapi na kushuka mara ngapi. Hajui. Simu yake ikianguka mtoni dakika hiyo, atakuwa kama mtu aliyefungwa kitambaa machoni akaletwa katikati ya msitu na kuachwa.

Hatua ya 1: Panda mlima ukiwa mezani

Hii ndiyo hatua kubwa, na ndiyo inayorukwa. Wiki moja kabla, kaa na ramani yenye mistari ya kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa), ya karatasi au kwenye kompyuta, uisome hadi mlima ukuingie kichwani.

Jifunze mambo matatu kuhusu mistari hiyo. Ikikaribiana, mteremko ni mkali. Ikigusana karibu kabisa, ni genge. Ikijikunja kwa umbo la V, tazama ncha ya V inaelekea wapi: ikielekea kwenye kimo kikubwa ni bonde, na mara nyingi lina maji, ikielekea kimo kidogo ni mgongo wa mlima. La tatu ni tofauti ya kimo kati ya mstari na mstari, ambayo imeandikwa pembeni mwa ramani. Laiti tungekuwa tumetazama mistari ya Bondwa kwa dakika kumi, tungeiona ile mita 400 ilivyojaa mistari iliyobanana kama nyuzi za kitambaa.

Kisha igawe safari vipande, na kila kipande ukipe vitu viwili. Cha kwanza ni kitu utakachotembea nacho ubavuni: "nitakuwa na mto kushoto kwangu hadi daraja," au "nitabaki juu ya mgongo, ardhi ikishuka pande zote mbili." Cha pili ni ukuta, yaani kitu kitakachokuambia umepitiliza: "nikivuka mto wa pili, nimeipita njia panda, narudi." Viandike.

Piga hesabu ya muda. Mskoti William Naismith aliweka kanuni mwaka 1892 ambayo bado inafaa: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 8 yenye kupanda mita 1,200 inakupa saa 3 na dakika 36. Hiyo ni kwa mtu imara kwenye njia kavu. Kwa tope la Uluguru wakati wa masika, au kundi lenye mtu anayepanda kwa mara ya kwanza, mimi huzidisha mara mbili, na sijawahi kujuta.

Kutoka hapo pata saa ya kugeuka. Huku kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Hatuna jioni ndefu za Ulaya. Ndani ya msitu giza linatangulia zaidi. Ukitaka kuwa nje ya msitu saa kumi na moja, na kushuka kunachukua saa nne, basi saa saba mchana unageuka. Popote ulipo. Hata kama kilele unakiona.

Mwisho wa hatua hii, funga ramani na uichore njia kwa mkono kwenye karatasi tupu: migongo, mito, njia panda, vilele. Pale kalamu inaposita ndipo hujui. Fungua ramani, tazama tena, chora tena. Ninapowapeleka vijana mlimani huwa nadai mchoro huu kabla ya nauli.

Na kabla ya yote, pita ofisi ya hifadhi. Kilimanjaro hupandi bila mwongozaji mwenye leseni. Meru utatembea na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati na tembo. Hata pale unaporuhusiwa kwenda mwenyewe, walinzi ndio wanaojua daraja lipi limechukuliwa na maji wiki hii.

Hatua ya 2: Karatasi na dira

Ramani za serikali za kipimo cha 1:50,000, za Kenya na za Tanzania, zilipimwa miaka mingi iliyopita, lakini milima haijahama. Sentimita 2 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini. Njia na vijiji vimebadilika. Mabonde na migongo ni ileile. Chapisha eneo lako, liweke kwenye mfuko wa plastiki unaofungika, na nakala ya pili abebe mtu mwingine.

Kuna mtego mmoja ambao umewachanganya hata watu wenye uzoefu. Ramani hizo za zamani zimejengwa juu ya mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, na simu yako hutumia WGS84. Ukichukua namba za mahali kutoka kwenye simu na kuzipiga moja kwa moja kwenye karatasi, utaangukia karibu mita 300 kutoka ulipo. Soma pembeni mwa ramani mfumo wake umeandikwaje. Kama ni Arc 1960, programu nyingi za GPS zina mahali pa kuchagua mfumo. Ubadilishe, au usichanganye namba kabisa, tumia umbo la ardhi tu.

Dira: nunua ya kawaida yenye kibao cha plastiki kinachopitisha mwanga. Hapa pia kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Sindano za dira nyingi hupimwa uzito ili zikae sawa katika nchi za kaskazini. Zikiletwa huku, upande mmoja huinama na kukwaruza. Kabla ya kulipa, ishike bapa kiganjani, izungushe, uone kama sindano inaelea na kutulia bila kugusa. Tofauti kati ya kaskazini ya dira na kaskazini ya ramani ni ndogo katika Kenya na Tanzania, digrii chache tu, kwa hiyo mwanzoni unaweza kuiacha.

Matumizi ya lazima ni mawili. Kwanza, geuza ramani hadi kaskazini yake ilingane na sindano. Sasa mgongo ulio kulia kwako uko kulia kwenye karatasi pia. Pili, chukua mwelekeo: weka ukingo wa dira kutoka ulipo hadi unakokwenda, zungusha duara hadi mistari yake ilingane na ya ramani, kisha inyanyue dira na uzunguke wewe mwenyewe hadi sindano iingie mahali pake. Unakotazama ndiko. Fanya mazoezi uwanjani mtaani, mchana, kabla hujavihitaji kwenye ukungu.

Dira ya ndani ya simu sikushauri uitegemee. Kifuniko chenye sumaku tu kinatosha kuipotosha, na mshale ule unapokuwa umesimama huweza kutazama popote. Jua nalo si kiongozi mzuri kwetu: saa sita mchana liko karibu utosini, tena sehemu za mwaka linapita kaskazini yako na sehemu nyingine kusini. Asubuhi na jioni ndipo linakusaidia.

Hatua ya 3: Iandae simu

Pakua ramani ya eneo zima, pamoja na upande wa pili wa mlima usiokusudia kwenda, kwa sababu huko ndiko utakakotokea ukipotea. OsmAnd na Organic Maps hufanya kazi bila mtandao na huonyesha kontua. Google Maps unaweza kuipakua pia, lakini ikiwa nje ya mtandao haitoi maelekezo ya kutembea kwa miguu.

Baada ya kupakua, weka hali ya ndegeni (airplane mode) ukiwa bado nyumbani, funga programu, ifungue tena, usogeze ramani hadi kileleni na uikuze. Ikionekana vizuri, umefaulu. Nimewaona watu wakiapa wamepakua, kumbe walikuwa wamefungua tu ukurasa.

Mlimani iache kwenye hali ya ndegeni. GPS inaendelea kufanya kazi, na simu inaacha kujichosha kutafuta mnara, jambo linalomaliza chaji kuliko watu wanavyodhani. Punguza mwanga wa skrini. Washa GPS mwanzoni mwa njia, mahali pa wazi, uingojee itulie kabla hamjaanza kutembea. Itunze mfuko wa ndani karibu na mwili, ndani ya nailoni, na pawabenki iliyojaa uiweke vilevile, pamoja na waya uliojaribiwa jana yake. Picha zote zipigwe kwa simu ya mtu mwingine. Mkiwa kundi, simu moja ibaki imezimwa kabisa, chaji asilimia 100, kwa ajili ya kuomba msaada.

Hatua ya 4: Acha neno

Andika karatasi: majina, namba za simu, njia, gari limeachwa wapi, saa ya kurudi, na saa ambayo mkiwa kimya mtakayemwachia karatasi aanze kupiga simu, na ampigie nani. Mwachie mtu mnayemwamini, na nakala ofisini kwa walinzi. Msibadilishe njia mkiwa juu. Watafutaji wataanza kwenye njia mliyoiandika, na kama mmeamua kushukia Kinole badala ya Morogoro bila kumwambia mtu, watapoteza usiku mzima upande usiokuwa na mtu.

Hatua ya 5: Njiani

Kila nusu saa, au kila penye njia panda, simameni. Kabla ya mtu kugusa simu, mmoja aeleze kwa mdomo: "Tulivuka mto saa mbili na robo, tumepanda kwenye mgongo, bonde liko kulia, kwa hiyo nadhani tuko hapa," na aweke kidole kwenye karatasi. Kisha ndipo simu itolewe. Zikipatana, endeleeni. Zisipopatana, msiendelee hata hatua kumi hadi mjue nani kakosea. Mara nyingi ni mtu. Si mara zote. Kwenye mabonde finyu nimekuta nukta ikiwa upande wa pili wa mto ambao sote tulijua hatujauvuka.

Anayeeleza abadilike kila kituo. Kundi lenye mtu mmoja anayejua njia ni kundi la mtu mmoja na mizigo.

Geuka nyuma. Mlima una sura mbili, ya kupanda na ya kushuka, na njia panda isiyoonekana asubuhi, kwa kuwa njia mbili zilikutana nyuma ya bega lako, ndiyo itakayokupoteza jioni. Pale njia panda yenye umbo la Y inapokuwa imetazama chini, simama, geuka, uitazame vizuri: mti gani, jiwe gani. Piga picha moja, na uiambie nafsi yako kwa sauti, "kurudi ni kulia." Utaona haya kidogo, lakini utakumbuka.

Usikate njia ya mkato kwa sababu ya mita. Namba ya mita kwenye simu ni umbali wa ndege arukaye kwa mstari ulionyooka.

Hatua ya 6: Uliza watu, na uulize vizuri

Katika Uluguru, Usambara, na miteremko ya chini ya milima yetu mingi, binadamu yupo karibu kuliko mnara. Anayelima pale anajua zaidi ya ramani yoyote. Ila adabu yetu ina namna yake. Ukimwuliza mama aliyebeba kuni, "Njia hii inakwenda Bondwa?", huenda akakujibu "ndiyo" kwa kukukirimu tu, au kwa kuwa kweli njia zote mwishowe hufika. Salimia kwanza, pumzika naye kidogo, kisha uliza swali lisilo na jibu ndani yake: "Shikamoo mama. Wewe ukitaka kwenda Bondwa unapita wapi?" Halafu uliza, "Nikikosea, nitatokea wapi?" Jibu la swali hili la pili ni dhahabu.

Umbali usiuulize kwa kilomita. "Si mbali, hapo tu" ya mtu aliyezaliwa mlimani inaweza kuwa saa tatu zako. Uliza: "Ukitoka hapa sasa, utafika saa ngapi?" Kisha zidisha. Waulize watu wawili tofauti. Na mtu akikutembeza, akaacha kazi yake kwa ajili yako, mpe shukrani inayolingana na siku yake.

Hatua ya 7: Ukipotea

Dalili ya kwanza ni wewe kuanza kuilazimisha ardhi ifanane na ramani: "huu mto haukuwepo, labda ni wa msimu." Ukijisikia unasema hivyo, simama.

Kaeni chini, kunyweni maji, vaeni nguo kavu. Hilo la nguo si dogo. Joto hushuka takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na mtu aliyelowa huanza kutetemeka na kuchanganyikiwa hata mahali pasipo na barafu. Aliyechanganyikiwa kwa baridi hufanya uamuzi mbaya kwa ujasiri mkubwa.

Jiulizeni: mahali pa mwisho tulipokuwa na hakika ni wapi, na ni dakika ngapi zimepita? Ikiwa mnaweza kurudi hapo kwa nyayo zenu, rudini, hata kama ni kupanda. Miguu itakataa. Yetu ilikataa siku ile pale korongoni, na bado kurudi juu ndiko kulikotuokoa.

Msifuate maji kushuka. Wazee husema maji hufika kwa watu, na mahali pa tambarare ni kweli. Kwenye Uluguru na miteremko ya Mlima Kenya maji hufika kwa watu kwa kuruka magenge, na wewe huwezi kuruka. Shikeni mgongo wa mlima. Huko mnaona, mnaonekana, na simu inaweza kupata mnara.

Sasa toa ile simu iliyozimwa. Panda mahali pa juu na wazi, piga 112, ambayo hupita kwenye mtandao wowote uliopo hata kama si wa laini yako. Nchini Kenya 999 pia inafaa. Sauti ikikatika, tuma ujumbe mfupi kwa yule uliyemwachia karatasi, kwa sababu ujumbe hupenya pale sauti inaposhindwa: namba za mahali mlipo kama simu inavyozionyesha, mko wangapi, nani ameumia, mna maji kiasi gani, na kwamba mtabaki hapo. Ukishaandika kwamba mtabaki, bakini.

Giza likiingia, msitembee. Tafuteni mahali pasipo na upepo, mbali na mto na mbali na njia ya wanyama, kalieni mabegi na majani makavu badala ya udongo, kaeni mmebanana, na tochi iwe moja tu inayotumika. Filimbi hulia mbali kuliko koo na haichoki: pigeni mara sita ndani ya dakika moja, nyamazeni dakika moja, rudieni. Kwa tochi ni hivyohivyo. Mkisikia mapigo matatu yanajibu, mmesikika. Endeleeni kupiga hadi waliowasikia wawafikie, kwa maana kwenye mabonde sauti hudanganya upande.

Na mkishatoka, iwe kwa miguu yenu au kwa msaada, kabla ya chai na kabla ya picha, mpigieni yule mliyemwachia karatasi.